Mungu ni mwema kwa aliyeshuka kwenye gari. Na kwa aliyekaa kwenye siti yake?

SautiYaPili (Tukuyu)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na wale wasiotumia salamu hiyo habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo. Anayetaka kifupi aruke hadi aya ya mwisho, ila akijibu bila kusoma nitamjua.

Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu huku Rungwe, Moravian wa kuzaliwa. Sina ugomvi na Mungu. Naanza na hilo kwa sababu nalijua jukwaa hili, mtu akiuliza tu anaambiwa ameasi.

Mwezi wa tatu mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikwenda Mbeya mjini kuchukua vifaranga. Alikuwa na miaka 26. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani miaka miwili akizungusha bahasha, mwisho akasema basi, nafuga. Banda alijenga mwenyewe kwa mabanzi. Aliagiza vifaranga 100 vya kuku wa mayai, vya siku moja, vile vinavyokuja kwenye boksi lenye matundu ambalo ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba 25. Alinipigia akiwa stendi, akanisogezea simu kwenye boksi nisikie. "Dada, vinalia kama kwaya isiyo na mwalimu."

Kwenye hiyo Hiace, siti ya nyuma ya dereva, alikuwa amekaa mama mmoja wa usharika wetu. Nimwite Mama J. Gari linataka kuondoka akakumbuka ameacha ufunguo wa duka lake kwa mtu kule mjini, akashuka. Mdogo wangu alikuwa amebanwa siti ya nyuma kabisa na boksi lake magotini, akahamia pale mbele. Ukungu wa Isyonje anayeujua anaujua, saa nane mchana gari zinawasha taa na bado huoni kitu. Kwenye kona za kushukia Kiwira walikuta lori la viazi limesimama. Walikufa watu wanne, wote wa upande wa dereva.

Boksi lilirukia mtaroni kwenye majani. Askari mmoja alilibeba akaliweka kituoni. Kesho yake tulipokwenda kushughulikia mwili tukakabidhiwa simu yake, kiatu kimoja, na boksi. Vifaranga 61 vilikuwa hai. Mama akavipokea, akavitia chumbani kwake na jiko la mkaa, kwa hiyo msiba wote sebuleni watu wanalia na chumbani navyo vinalia.

Mama J alilala msibani kwetu tangu siku ya kwanza. Alichota maji, aliosha masufuria, alimshika mama mkono makaburini. Kama jirani sina neno juu yake, naomba hili lieleweke.

Jumapili iliyofuata, kipindi cha shukrani, akatoka mbele na bahasha. Akasema alisikia sauti moyoni ikimwambia "ufunguo", akatii, akashuka, "na kijana mmoja akakaa pale nilipokuwa nimekaa". Kisha akapaza sauti: Mungu ni mwema! Kanisa zima: Kila wakati! Na kila wakati? Mungu ni mwema! Makofi, vigelegele.

Kijana mmoja. Amemjua tangu anatambaa. Na mimi nimesimama hatua kumi kutoka alipo, nimevaa sare ya kwaya. Baada yake tulikuwa tunaimba sisi. Mwalimu akatoa sauti, wenzangu wakaingia, mimi nikafungua mdomo hakikutoka kitu. Niliimba wimbo mzima kwa midomo tu.

Ushuhuda ule ameshautoa mara tatu. Ya mwisho ni Jumapili iliyopita, tulikuwa na mgeni, na mgeni akauchukua akaujengea mahubiri yote.

Jambo linaloninyima usingizi siyo hata Mama J. Ni mama yangu. Siku ile ya kwanza, watu wa benchi letu walinyamaza kwa kumhurumia. Yeye akaitikia "Kila wakati", kwa sauti yake yote. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, mama, umewezaje kumwitikia yule? Akasema: "Nimemwitikia Mungu. Yeye sijamwitikia." Akaongeza hatua, vifaranga vilikuwa havijala.

Sijaelewa mpaka leo. Kwa hiyo swali: kama wema wa Mungu ulionekana kwa kumshusha Mama J, basi kwa mdogo wangu siku ile ulikuwa wapi? Na kama haukuonekana kwa kumshusha Mama J, tunapiga makofi ya nini? Nawasilisha.

Amina_Tele

Pole sana dada. Usimhoji Mungu. Njia zake si njia zetu, Isaya 55:8. Mdogo wako amepumzika, na Mungu humchukua anayempenda. Omba neema uachilie moyoni.

SautiYaPili

Asante kwa pole. Ila ndugu, ukisema Mungu humchukua anayempenda, Mama J akikusoma atajisikiaje?

BabuKemondo (Bukoba)

Mjukuu wangu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, Mlutheri, na macho yangu ni mabovu, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Huyo wa Isaya 55:8 umwambie arudi mstari mmoja nyuma. Mstari wa 7 unasema mtu mbaya na aache njia yake, amrudie Bwana, "naye atamrehemu". Njia ambazo si zetu pale ni njia za kusamehe. Mungu anasamehe mahali ambapo sisi tungeweka kinyongo. Nabii hakuwa anaeleza ajali. Tumeuchukua mstari wa rehema tukaufanya kufuli la kufungia midomo ya wafiwa, na mimi mwenyewe nimeufanya hivyo kwenye mazishi mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa kuhusu ushuhuda. Mimi ni mtoto wa uamsho. Moto ule ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukatufikia sisi Wahaya kabla muongo ule haujaisha, na ndiyo maana mpaka leo ukiwakuta wazee wa Kihaya wanaimba Tukutendereza kwa Kiganda usishangae. Kusimama mbele ya watu na kushuhudia tuliurithi huko. Lakini ushuhuda wa wazee wale ulikuwa wa aibu. Mtu alisimama akasema, nimemwibia bwana fulani mbuzi, mbuzi huyu hapa, damu ya Yesu imenisafisha. Watu walirudisha mashuka ya hospitali, majembe ya serikali. Aliyeshuhudia alikuwa anashuka chini. Hakuna aliyebaki kwenye benchi akijiuliza kwa nini yeye hakupewa. Siku hizi tunashuhudia viwanja na viza. Sisemi ni dhambi, nasema ni kitu kingine tumekiita jina lile lile.

Halafu nikueleze la kwetu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa imetoka kwetu jioni ya jana yake, ikapitia Kemondo kuchukua watu. Walikufa zaidi ya 800. Wengine hatukuwaona tena, wengine wako makaburi ya Igoma. Mwezi ule nilizunguka nyumba za msiba mpaka viatu vikaachia soli. Na Jumapili zilizofuata, mjukuu wangu, kila kanisa lilikuwa na mtu wa kusimama na kusema: mimi nilikuwa na tiketi. Mtoto aliugua. Nilichelewa gari la kwenda bandarini. Nilimpa mdogo wangu tiketi.

Huyu wa mwisho namkumbuka vizuri. Alianza kwa "Mungu ni mwema", akasimama hapo hapo, akakaa. Hakuna aliyeitikia. Ule ndio ushuhuda wa kweli kuliko yote niliyosikia mwaka ule, na ulikuwa wa maneno matatu.

Nilikwenda kwa Biblia yangu nikiwa na swali lako hilo hilo, nikakwama kwenye Matendo 12. Nenda kasome leo. Herode Agripa anamkamata Yakobo ndugu yake Yohana, anamuua kwa upanga. Luka anaimaliza habari hiyo kwa mstari mmoja. Kisha anamkamata Petro, na Petro anapewa mistari kumi na zaidi: minyororo miwili, askari wawili, malaika, mlango wa chuma unajifungua wenyewe, kijakazi Roda anamwacha nje kwa furaha. Kanisa moja, mfalme mmoja, majira yale yale. Je, walimwombea Petro tu, Yakobo wakamsahau? Je, Yakobo alikuwa na imani ndogo? Alikuwa mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani na Bwana! Luka haelezi. Anaviweka viwili pamoja, anaondoka.

Ila tazama mstari wa 17. Petro alipofunguliwa mlango wa ile nyumba wakastaajabu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwapungia mkono wanyamaze. Kisha akaeleza jinsi Bwana alivyomtoa. Basi. Hakusema kwa nini yeye na si Yakobo. Luka hatuambii kama mama yake Yakobo alikuwa mle chumbani usiku ule. Mimi huwa naamini alikuwepo, lakini hayo ni mawazo ya mzee.

Macho yamechoka. Nitarudi.

Mchana_Kweupe

Pole dada, na sikutanii. Lakini ninyi wote mnazunguka. Epikuro, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliuliza karne kadhaa kabla ya Yesu: Mungu anataka kuzuia mabaya ila hawezi? Basi si mwenyezi. Anaweza ila hataki? Basi si mwema. Anataka na anaweza? Basi mabaya yametoka wapi? Kilichomuua kijana ni ukungu na lori lililosimama bila alama. Kilichomwokoa huyo mama ni usahaulifu. Ukilikubali hilo swali lako linaisha na unalala usingizi.

SautiYaPili

@Mchana_Kweupe swali linaisha kweli, ila na mdogo wangu anaisha nalo. Mimi sikuja hapa kutafuta usingizi wa namna hiyo. Kuhusu alama za barabarani tuko pamoja, mia kwa mia. Lori lile halikuwekwa pale na Mungu.

Katekista_Peramiho

Tumsifu Yesu Kristo.

Mchana_Kweupe ameuliza mabaya yametoka wapi. Alilihangaikia sana swali hilo Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, Algeria ya leo. Jibu lake: ubaya si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa wema palipopaswa kuwa na wema. Upofu si kitu kilichoongezwa kwenye jicho, ni kuona kulikoondoka. Ndiyo maana alikataa kusema Mungu aliumba ubaya. Na asidhani mtu alikuwa anaongea kutoka kivulini, mwanawe wa pekee, Adeodato, alimzika akiwa kijana mdogo.

Nafundisha hili kwa wanakwaya na wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), na nakiri kwamba kwenye nyumba ya msiba halifai hata kidogo. Ukimwambia mama yako kwamba kifo ni upungufu, atakuambia huo upungufu anauona kila jioni kwenye sahani moja iliyopungua.

Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni neno *fadhili*. Zaburi 136 inaanza "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema", na kila mstari, yote 26, inaitikia kwamba fadhili zake ni za milele. Kiebrania ni hesed, na maana yake iko karibu na uaminifu wa mtu aliyefunga agano: nimesema nitakuwa nawe, nitakuwa nawe. Angalia Zaburi haisemi *bahati* zake ni za milele. Bahati ndiyo inayogawa, huyu ameshuka, yule amepanda. Fadhili haiangalii umekaa siti gani.

Ndiyo maana Naomi aliporudi Bethlehemu amezika mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji, msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana. Alisema hadharani na hakuna aliyemwambia tubu. Kitabu kikaendelea naye hivyo hivyo na uchungu wake. Na rafiki za Ayubu, waliomtetea Mungu sura baada ya sura, ndio mwishoni walioambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa. Aliyelalamika ndiye aliyesifiwa.

Nadhani mama yako anajua tofauti ya fadhili na bahati bila kuwahi kuisoma popote.

Wa_Salgaa (Kenya)

Mimi nitaongea kama Mama J, kwa sababu hapa hakuna aliyeongea upande wake.

2017 nilikuwa natoka Nakuru kwenda Eldoret. Nilishuka kununua maji na ndizi, matatu ikaniacha na mzigo wangu ndani. Nilitukana dereva vibaya, sitasema nilisema nini. Nikapanda ya nyuma yake. Tulipofika karibu na Salgaa tukapata watu wamesimama barabarani. Niliona begi langu kabla sijaona kitu kingine. Ilikuwa rangi ya chungwa.

Jumapili nikapeleka sadaka ya shukrani, nikashuhudia, watu wakapiga makofi. Nikashuhudia tena kwa fellowshipi ya akina mama, tena kwa harusi ya binamu yangu, hata huko! Nilikuwa nashuhudia kila mahali nikipewa maiki. Mume wangu ndiye aliniuliza usiku mmoja, kwani wewe unamshukuru Mungu ama unamwomba msamaha? Sikulala.

Dada, mtu aliyeshuka anaogopa. Anaona kama kuna deni na mwenye deni atakuja. Ukisema "Mungu aliniokoa kwa sababu", unapata pa kusimama. Bila hiyo "kwa sababu" unabaki tu mtu aliyenunua ndizi. Mimi siku hizi nashukuru kwa kuamka tu, na kila Desemba napitia pale na maua. Sijui yanaokotwa na nani.

Sisemi amefanya vizuri kusema "kijana mmoja". Hapo alikosea. Lakini umeshawahi kumuuliza?

Amina_Tele

Dada, nimerudi kuomba radhi. Niliandika haraka nikiwa kwenye foleni ya benki. Poleni sana na mama.

BabuKemondo (Bukoba)

Mmenifanya nitafute miwani tena.

Mjukuu wangu, nimsaidie katekista kwa neno moja. Walimletea Bwana habari za msiba wakitaka awape sababu. Yeye mwenyewe akawaongezea mwingine, ule mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Akauliza, mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, sivyo. Hilo "sivyo" liko kwenye Luka 13 na lingetosha kufuta nusu ya mahubiri ya mazishi nchini. Tena linakata pande zote mbili: kama waliokufa hawakufa kwa ubaya wao, waliopona nao hawakupona kwa wema wao. Aliwaambia wote watubu, waliopona ndio waliokuwa wamesimama pale wanamsikiliza.

Na mnapouliza wema wa Mungu ulikuwa wapi siku ile kwenye kona, mimi Mkristo nina mahali pamoja tu pa kuonyesha kidole. Mungu ninayemhubiri alikuwa na mwana, na siku ile hakuna aliyemshusha. Walimdhihaki kwa maneno haya haya, ashuke sasa msalabani. Hakushuka. Kwa hiyo nikitaka kujua Mungu yuko upande gani wa gari, siwezi kusema yuko upande wa walioshuka peke yao. Zaidi ya hapo nikiongeza nitakuwa nadanganya.

Huyu binti wa Kenya amesema neno kubwa. Nenda kwa huyo mama. Usiende na Biblia, nenda na kitu cha mkononi.

SautiYaPili

Wakuu, samahani kwa kupotea siku tisa. Nimewasoma wote. Matendo 12 nimeisoma na mama, alicheka alipofika kwa Roda kumwacha Petro mlangoni, na sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tatu.

Vile vifaranga 61 vilibaki 54, kideri kilipita kabla hatujamaliza chanjo. Wiki iliyopita wameanza kutaga. Mayai ya kwanza ni madogo madogo, mengine yana damu kwenye ganda. Mama hataki yauzwe. Jumamosi akanipa kumi na mawili kwenye kikapu, kafunika na kanga, akasema mpelekee Mama J. Kwa hiyo sikwenda kwa ushujaa wangu wala kwa ushauri wa Babu, nilitumwa.

Duka lilikuwa limefungwa. Alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwambia ni mayai ya kuku wa fulani, nikalitaja jina la mdogo wangu. Akaacha kuchambua. Nikamuuliza papo hapo, kabla sijaogopa: mama, kwa nini unamwita kijana mmoja?

Alikaa kimya muda mrefu, anageuza punje moja ya haragwe mkononi. Akasema kila akitoka mbele anaondoka kwenye benchi na jina lake mdomoni, akifika madhabahuni linakataa, na watu wanamtazama, basi anasema Mungu ni mwema kwa sababu ndicho anachoweza kusema bila kuanguka. Akasema hajapanda gari tangu siku ile. Mzigo wa duka anaagiza kwa watu. Mjini hajafika miezi mitano. Sisi tulikuwa tunamwona na bahasha tu.

Nikamuuliza kitu ambacho nadhani ndicho nilichotaka kuuliza tangu mwanzo, hata hapa, sema sikujua. Wewe ndiye wa mwisho kuongea naye. Alisema nini?

Akasema alikuwa anashuka kwa haraka, ndara zimekatika, nje kumenyesha. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama nyuma yake na boksi, anasubiri siti, kwa sababu pale nyuma ya dereva kuna joto la injini na vifaranga vilikuwa vinatetemeka. Akamshika kiwiko kwa mkono mmoja, boksi kwa mkono mwingine. Akamwambia, "Taratibu mama, kuna tope hapo chini."

Jumapili sikujua kama atatoka mbele. Alitoka, bila bahasha. Akasema jina lake, majina yake yote mawili na la ukoo, akasema alinishika kiwiko. Halafu akasimama tu pale, analia. Mchungaji akainuka amsaidie. Kabla hajamfikia, mama yangu kwenye benchi la tatu akasema "Mungu ni mwema", siyo kwa sauti ya kushangilia, kwa sauti ile anayoitumia akiita kuku. Watu wachache wakaitikia.

Mimi sikuitikia. Bado. Ila wimbo uliofuata niliimba beti ya pili yote.

Kuna anayejua tajiri wa pumba na mashudu kwa bei nzuri hapo Uyole? Hawa 54 wanakula kama wamelipiwa.